Maganda ya nanasi na machicha ya juisi kwa sungura: niwape au niyaache?

MfugajiGoba
Wakuu, habari za jioni. Nafuga sungura wa nyama hapa Goba: majike manane, madume mawili na vitoto vya rika mbalimbali. Bei ya peleti, chakula chao cha dukani, inanitoa jasho, na jua hili limekausha majani tuliyozoea kukata bure. Jirani ana kibanda cha juisi. Kila jioni anatupa ndoo za maganda ya nanasi, embe na tikiti, pamoja na machicha yanayobaki kwenye chujio. Anasema nibebe yote, nzi wamemchosha. Je, naweza kupunguza peleti nikaziba pengo kwa haya? Naomba majibu ya waliofanya, siyo ya kubahatisha.

Chaurembo
Wape tu mkuu, sungura hachagui. Wangu wanabugia hadi maganda ya parachichi.

DadaWaKeji
Chaurembo, utamuulia mwenzio mifugo. Parachichi ni sumu kwa sungura, na majani, ganda na kokwa ndiyo mabaya zaidi. Wako bado wanadunda, mshukuru Mungu, lakini usiwashauri wengine.

Sasa kaka wa Goba. Tumbo la sungura linaendeshwa na nyuzinyuzi. Chakula kinachachushwa na vijidudu mwanzoni mwa utumbo mpana, na sukari nyingi ikifika huko vile vibaya vinaongezeka, gesi inajaa, mnyama anavimba au anaharisha. Hawezi kutapika, kwa hiyo akishakula ndiyo basi. Wanaokufa haraka ni vitoto vilivyotoka kuachishwa kunyonya. Hao usiwape tunda kabisa.

Machicha na tikiti achana navyo. Tikiti ni maji zaidi ya asilimia 90, anashiba bila kupata kitu. Chenye faida kwenye ndoo hizo ni ganda la nanasi, nalo likiwa kavu. Lioshe, likate vipande vya kidole, tandaza kwenye kichanja cha wavu, siyo chini, na uwe unageuza. Limekauka pale ukilikunja linakatika. Likinuka pombe au likiwa na unga wa kijani au mweupe, tupa, usijaribu "kuokoa": sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuanika upya. Ganda la embe nalo kausha vivyo hivyo, ila kokwa toa.

Na usitegemee maganda yakuzibie protini, hayana ya maana. Hiyo itafute kwenye matembele, majani ya mlonge na ya mti wa lukina kidogo. Maganda yote kwa pamoja yasizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Msingi ubaki nyasi.

Mkazi_Mabibo
Naongezea kwa dada. Kama unatafuta cha bure, kwa nini uende kwa muuza juisi wakati muuza mahindi ya kuchoma yupo kila kona? Maganda mabichi ya mahindi yana nyuzinyuzi tele, sukari kidogo, na sungura anayatafuna taratibu. Pale Mahakama ya Ndizi, soko la ndizi la Mabibo, nako majani ya mgomba yanayofungia mizigo yanatupwa kila siku. Osha vizuri lakini, sokoni watu wanakanyaga na panya wanapita.

MfugajiGoba
Asanteni sana. Mahindi sikuyafikiria, na kijana wa kuchoma yuko pale kituoni. Sasa ndoo za machicha nizifanyeje? Jirani ameshaanza kuniwekea.

Mkazi_Mabibo
Mpe mwenye nguruwe, au weka kwenye shimo la mboji ufunike na mavi ya sungura. Bustani itakushukuru.

Chaurembo
Sawa dada, parachichi nimelitoa leo. Ila nanasi mbichi kidogo halina neno, au?

DadaWaKeji
Kwa mkubwa mwenye afya, kipande kidogo mara chache ni kama peremende, siyo chakula.

MfugajiGoba
Swali la mwisho. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha nao niwape ganda kavu?

DadaWaKeji
Hao peleti zao usiziguse, ukipunguza utaona maziwa yakikauka na vitoto vikidumaa. Anza na madume na wale wa nyama waliopita miezi mitatu. Wape kiganja kidogo, uongeze polepole ndani ya siku kumi hivi. Kila asubuhi angalia chini ya keji: punje za kinyesi ziwe mviringo, kavu, ukizivunja unaona nyasi ndani. Zile laini za usiku, zinazoshikana kama kishada cha zabibu, anazila mwenyewe, usishtuke ukiona. Ila ukizikuta zimebaki chini, au kinyesi kimeganda mkiani, ondoa maganda yote siku hiyohiyo, bakiza nyasi kavu na maji safi. Akigoma hata nyasi, muite mganga wa mifugo, usisubiri kesho.