Mjadala: Tumfundishe mkulima mmoja wa mfano, majirani waige?

Bwana Shamba: Maafisa ugani hawawezi kufika kila kaya. Wamfundishe mmoja kijijini, ujuzi utasambaa wenyewe. Huko Iowa, Marekani, watafiti Ryan na Gross walichapisha mwaka 1943 matokeo ya kuwahoji wakulima 259 kuhusu mahindi chotara, yaani ya mbegu inayopatikana kwa kuchanganya aina tofauti za mahindi. Kati ya 1928 na 1941 wote waliyakubali isipokuwa wawili. Habari waliisikia kwanza kwa wauza mbegu, lakini aliyewashawishi zaidi ni jirani.

Mwalimu wa Fizikia: Miaka 13 hiyo, Bwana Shamba! Na hapo kwenye "wenyewe" ndipo ninapopinga. Ujuzi ni kama tone la rangi ndani ya maji. Chembe za rangi katika maji yaliyotulia kabisa huzurura ovyo. Umbali ukiwa mara mbili, muda huwa mara nne. Sentimita 1 huchukua kama saa 14, sentimita 10 karibu miezi miwili. Ukiona rangi imejaa glasi nzima kwa dakika chache, maji yametikisika. Wauza mbegu wa Iowa ndio waliotikisa.

Mama Pembejeo: Mimi naongeza: kinachosambaa ni kile tu ambacho jicho linakiona. Jirani anaona magunzi makubwa, anaomba debe la mahindi yaleyale akapande. Msimu unaofuata mimea inapishana urefu na mavuno yanashuka, maana kizazi cha pili hupoteza nguvu ya uchotara. Kijiji kizima kinasema chotara ni uongo!

Nafasi ya kupandia nayo hivyohivyo. Sm 75 kati ya mistari kwa 30 kati ya mashimo, mmea mmoja kila shimo, ni mimea kama 44,000 kwa hekta. Sm 90 kwa 50, mimea miwili kila shimo, idadi ni ileile. Anayeiga kwa macho anachukua 90 kwa 50 halafu anaacha mmoja mmoja. Nusu ya mimea imekwenda.

Bwana Shamba: Hilo la mbegu nalikubali, Mama. Basi shamba la mfano lipandwe vipande viwili bega kwa bega, chotara mpya na kizazi cha pili, mbolea sawa. Wanakijiji waitwe kupanda na waitwe tena kuvuna, wapime wenyewe kwa debe.

Mwalimu wa Fizikia: Na huyo mkulima anachaguliwa na nani? Mkimchukua mwenye plau na pesa ya mbolea, asiye nacho atasema yale ni mavuno ya pesa, na hatakuwa amekosea.

Mama Pembejeo: Wachaguliwe wawili, mmoja awe wa jembe la mkono. Kamba ya kupandia yenye mafundo ya sm 30 ibaki kijijini, kila kaya iazime.