Crystal, Emerald au Platinum: nicheze ya asili au iliyotiwa mkono?

pwezakaanga (Michenzani)
Assalaam alaykum wenzangu. Mitihani imekwisha na mie niko nyumbani sina kazi mpaka majibu yatoke, nataka nishike gemu moja la zamani la Pokémon, yale ya kukamata wanyama na kuwapiganisha, nilimalize, si kama mwaka jana nilianza tatu zote nikaziwacha njiani. Nimebakisha Crystal ya 2000, Emerald ya 2004 na Platinum ya 2008. Sasa tatizo kila moja ina watoto wake, yaani modi, gemu lileile mashabiki wamelitia mkono, Crystal ina Polished Crystal, Emerald ina modi hata hazihesabiki, Platinum ina Renegade Platinum. Simu yangu ni Android ya ram 2, bando ndo hivo tena mnajua. Nikicheza ya asili naogopa yale mambo ya kizamani yatanichosha, nikicheza modi naona kama sijacheza gemu lenyewe, nimecheza fikra za mtu kakaa chumbani kwao akaamua Pidgeot apewe nguvu. Nishaurini.

MaalimWaRomu
Wa alaykum salaam. Tuanze na bando kwanza. Crystal ni MB 2 tu, Emerald MB 16, Platinum MB 128. Pachi yenyewe, ile ya kugeuza gemu la asili kuwa modi, ni kifaili, kwa sababu ndani mna zile tofauti tu, gemu unalo mwenyewe. Kwa simu ya ram 2 Platinum itaenda lakini itakwenda kama punda wa mchanga saa saba mchana, mie ningeitoa kwenye orodha.

La pili, "asili au modi" si swali lake. Uliza lipi unataka kurekebishiwa. Kuna kitu ni bagi kabisa, kosa la programu, hakuna wa kukitetea. Red ya 1996, Pokémon ya mwanzo, kuna pigo linaitwa Focus Energy, kazi yake kuongeza nafasi ya kupiga pigo kali, lakini waliikosea hesabu ukilitumia nafasi inapungua ikawa robo. Na mule mule kwenye jimu (ukumbi wa mapambano) ya Saffron kuna mtu anakwambia Pokémon wa Psychic wanaogopa mazimwi na wadudu tu, nenda kampige Alakazam wa Psychic kwa Lick ya zimwi Gastly uone, haimgusi hata chembe. Gemu linakudanganya wewe mchezaji. Hapo modi ikirekebisha imerudisha alichokusudia mwenyewe.

Halafu kuna vitu si bagi, ni uamuzi wa mtu. Hapo ndo watu wanapigana.

binti_mchangamdogo
Emerald Emerald Emerald. Ila si ya asili mwanangu, utalia.

Nikupe mfano mmoja. Mie nilikuwa natoka Mkoani kuja Unguja na boti, bahari imechafuka watu wanatapika kulia na kushoto, mie nimejikunyata kwenye kiti navua Carvanha njia ya 118. Nikampata, nikamlea mpaka levo 30 akawa Sharpedo. Papa! Nikasema leo nina papa nani ataniweza. Mwangalie sasa, nguvu zake za mwili 120, zile nyengine za special, za mapigo yasiyo ya mwili, 95, ngozi ya karatasi. Maana yake huyu kaumbwa kung'ata. Lakini kwenye Emerald pigo linahesabiwa kwa aina yake, si kwa linavopigwa, kila la maji ni special, kila la Dark ni special. Kwa hivo papa wangu aking'ata kwa Crunch, ng'ata ya meno kabisa, gemu linahesabu kama kampiga mtu kwa mawazo. Ile 120 imekaa pale pambo tu kama makochi ya wageni.

Walikuja kurekebisha wenyewe kwenye Diamond na Pearl 2006, kila pigo likawa na hesabu yake. Modi karibu zote za Emerald zinalichukua hilo zikalitia kwenye Emerald. Nilipocheza na papa yuleyule kwenye modi nilikuwa nacheka peke yangu.

KarafuuKavu (Wete)
Nyie vijana mna haraka. Mie nasema Crystal, ya asili, na wala usitie kitu.

Mnakumbuka ule mwaka wa kiza, mwisho wa 2009 mpaka 2010, Unguja miezi mitatu haina umeme? Nilikuwa nakaa kwa ami yangu Ng'ambo. Watu wenye simu wanahangaika kutafuta jenereta, mie nina Game Boy Color inakula betri mbili za kawaida za dukani. Kioo chake hakina taa, kwa hivo usiku nacheza ubavuni mwa chemli, nageuza geuza mpaka mwanga upige vizuri. Nikaingia Dark Cave sina Flash, pigo la kuwasha mwanga pangoni. Kioo cheusi tii na chumba cheusi tii. Nikaipita kwa kusikiliza, ukigonga ukuta inalia "dup", hatua tatu dup, rudi, panda juu, dup. Siku mbili. Nilipotoka upande wa pili nilipiga ukelele mpaka shangazi akadhani pameingia mwizi.

Sasa modi nyingi leo zinawasha taa wenyewe, hakuna haja ya Flash. Haya, umerahisishiwa. Umepita pango au umepita korido?

urojo_bila_pilipili
Sheikh KarafuuKavu hiyo hadithi tamu wallahi lakini uliyoipenda ni kiza cha Unguja, si gemu 😂

Crystal ya asili ina tatizo moja kubwa hamlisemi. Levo. Unamaliza majimu manane ya Johto, nchi ya gemu hilo, unakwenda kwa Lance bingwa wa ligi, Dragonite wake levo 50, na wanyama wa porini hapo wako thalathini na kitu, unapigana na nyasi siku nzima kupata levo mbili. Ukivuka nchi ya pili, Kanto, ndo aibu, porini kuna vitoto. Blue bosi wa mwisho wa Kanto yuko hamsini na kitu, halafu unapanda Mt. Silver unamkuta Red, mpinzani wa mwisho, na Pikachu wa levo 81. Kutoka pale mpaka 81 unapandia wapi? Hakuna ngazi. Na Houndour, mbwa mzuri kabisa wa kizazi kile kile, hapatikani Johto, mpaka umalize ligi uende Kanto usiku. Gemu wanakuuzia kwa wanyama wapya halafu wanakuficha wanyama wapya.

KarafuuKavu
La Houndour nakubali. Hilo hata mie liliniuma.

MaalimWaRomu
Na ndo maana Polished Crystal ipo. Imetiwa mgawanyo wa mapigo ule wa 2006, imetiwa aina ya Fairy, TM (kifaa cha kumfunza mnyama pigo) haiishi ukiitumia, na bado ni ileile Game Boy Color, sura ileile. Tena wana toleo la pili wanaliita la uaminifu, hilo aina na nguvu za wanyama zimeachwa karibu na zilivokuwa. Kwa mtu anayeogopa "fikra za mtu" hilo ndo lake.

Halafu angalieni kitu kimoja. Takriban kila walicholalamikia watu, wenyewe wenye gemu walikuja kukubali baadae. TM zisizoisha, Black na White 2010. Kuulizwa "utumie Repel nyengine?" (Repel ni dawa ya kufukuza wanyama wa porini) bila kufungua begi, Black 2 na White 2 mwaka 2012. HM, yale mapigo ya kukata miti na kuvuka maji njiani, zikaondolewa kabisa kwenye Sun na Moon 2016. Haunter na Kadabra kubadilika bila kubadilishana wanyama na mtu, wakatia kamba maalum kwenye Legends: Arceus 2022. Hata Platinum ni modi ya wenyewe. Diamond ukitoa farasi Ponyta na yule nyani wa mwanzo hakuna wa moto mwengine wa kumkamata kabla ya ligi, mpaka Flint bwana wa moto katika wale wanne wa ligi anakuja na Lopunny na Steelix na Drifblim. Bwana wa moto na sungura! Na upau wa uhai unashuka taratibu unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Platinum wakarekebisha yote mawili. Kwa hivo modi nyingi hazizui jambo jipya, zinachukua dawa ya 2012 zinampa mgonjwa wa 2004.

jini_la_pemba
Maalim umesema kubadilishana, hapo ndo pana kidonda changu. Kisiwa kizima nilichokijua mie nilikuwa peke yangu mwenye GBA (Game Boy Advance). PEKE YANGU. Nina Kadabra levo 62 anasubiri mwenzake mwenye kebo, sijui atoke wapi, ashuke na boti ya ijumaa? Mtu aliyepanga hilo alikuwa anafikiria skuli ya Japani watoto arubaini kila mmoja ana yake. Hakutufikiria sie. Kwa hilo tu modi ni halali kwangu, Alakazam levo 37 basi.

Na kaseti yenyewe ilikuwa bandia, kaka yangu kaninunulia duka moja mjini. Nimepiga ligi nzima, nimemshinda bingwa Wallace, majina yanapita nalia machozi, nikazima. Nikawasha, hakuna faili. Hakuna! Nikaanza upya, nikafika palepale, ikafanya vilevile. Mpaka leo nikisikia muziki wa Littleroot, kijiji cha mwanzo, tumbo linaniuma.

binti_mchangamdogo
Pole sana jini 😭 zile bandia nyingi zina ugonjwa huo, zinasevu vizuri njia nzima mpaka siku ya harusi.

urojo_bila_pilipili
Emerald wanasema maji mengi mno, ukifika upande wa mashariki ni bahari tu, kila hatua nne Tentacool

KarafuuKavu
Mzanzibari analalamika maji mengi. Haya.

urojo_bila_pilipili
Si maji ami, konyeza! Ukienda Chumbe na ngalawa unakutana na konyeza kila dakika? Na Repel ikikatika ufungue begi, ushuke mpaka chini, uchague, ufunge, hatua mia tena begi. Uwanja huo huo wa maji kwenye modi yenye swali la Repel ni matembezi mazuri kabisa, visiwa vidogo vidogo, muziki ule. Maji hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa begi.

binti_mchangamdogo
Hii ya urojo ni kweli khasa, sikuwahi kuifikiria hivo.

pwezakaanga
Na HM je? Emerald zipo nane. Hizo ndo zilinifukuza mwaka jana, nina timu ya watu sita wawili ni wabeba mizigo.

MaalimWaRomu
Hamali. Kila mtu ana hamali wake. Emerald ni Zigzagoon, anakata mti, anavunja jiwe, anaogelea na wewe mgongoni. Platinum ni Bibarel. Kosa la HM si kuwa zipo, kosa ni mawili, zinakaa kwenye nafasi ya pigo la vita na huwezi kuzisahau mpaka uende kwa yule mzee wa Lilycove. Cut yenyewe nguvu 50, nani anaitaka vitani? Surf hakuna anayeilalamikia kwa sababu ni pigo zuri. Ingekuwa zote kama Surf tusingesema.

KarafuuKavu
Mie hamali wangu nampenda kuliko timu. Ndo aliyenifikisha.

jini_la_pemba
Renegade Platinum je hakuna aliyecheza? Nimesikia wanyama wote 493 wanapatikana

binti_mchangamdogo
Nimecheza, wote wanapatikana kweli, na ni kazi nzuri sana ya mtu, lakini si ya kuanzia. Wapinzani wana timu zimepangwa na mtu anayekujua udhaifu wako. Hapa ndo mie ninapokosana na watu wa modi, nusu yao hawawezi kurekebisha kitu bila kukiongezea ugumu. Nimekwambia begi linanichosha, hukuniskia nikisema maadui wananionea huruma. Kuna Emerald Kaizo pia, hiyo mtu akikupendekezea mhesabu adui.

pwezakaanga
Nimejaribu kupachi Radical Red, modi ya FireRed, jana usiku kabla sijasoma majibu yenu, imetoa kioo cheupe tu, nimeua bando bure

MaalimWaRomu
Umetumia FireRed 1.1. Ile inataka 1.0 ya Marekani. Pachi inasema "baiti ya mahala fulani ibadilishe iwe hii", ukiipa toleo jengine inabadilisha mahala sipo, ni kama fundi kaambiwa agonge msumari nyumba ya tatu kahesabu kutoka upande mwengine. Na ushauri mwengine, pachi ukizipenda ziweke kwako mapema. Prism, modi nyengine, ilitengenezwa miaka minane, Disemba 2016 wanasheria wa Nintendo wakaizuia siku chache kabla haijatoka, ikabaki ya kuvujishwa.

Sasa sikiliza. Kodi ya Emerald watu wa pret, kundi la mashabiki, waliifungua yote, unaisoma kama daftari, na juu yake kuna wengine wameweka swichi, unabadilisha namba kwenye faili moja mapigo yanahesabiwa kwa mtindo wa 2006 au wa zamani, unachagua. Kompyuta ninayo hapa. Nnambie unataka nini na hutaki nini nikutengenezee pachi, romu, faili la gemu la asili, utafute mwenyewe hiyo sikupi.

pwezakaanga
Maalim Mungu akulipe. Nataka mgawanyo wa mapigo kwa ajili ya papa wa binti. Nataka swali la Repel. Nataka Kadabra abadilike levo 37 kwa ajili ya jini. Ugumu usiguse, maadui wabaki na ujinga wao. HM ziwache zilivo ila niweze kuzisahau popote.

Na mapango yawe na kiza. Hilo la KarafuuKavu.

KarafuuKavu
👏 Kijana kalelewa huyu. Zima taa ya chumba lakini.

urojo_bila_pilipili
Lazima mtu mmoja aseme Crystal asili mtu wa pili asalimu amri ndo uzi ufungwe

KarafuuKavu
Sijasalimu amri. Nimeona Emerald yake ina Crystal ndani kidogo.

pwezakaanga
Mrejesho. Pachi imekubali, mGBA (programu ya kuchezea gemu za GBA) kwenye kompyuta ya kaka kwanza nikahamishia faili la kusevu simuni. Nimechukua Mudkip nimemwita Changu, Roxanne wa jimu la kwanza nimemmaliza bila kupoteza mtu. Zigzagoon wa kwanza niliyemkamata nimemwita Hamali na nimemuapia nitamfikisha naye mpaka ligi hata kama hana faida. Granite Cave Flash ninayo lakini sijaifunza mtu, nimeingia hivohivo, nimegonga ukuta mara thalathini na kitu, mama kauliza ndani unapiga nini dup dup dup.

Nilikuwa karibu kutoka umeme ukakatika, chaji 11.