Kumchagulia mtoto Sekondari Pevu: nitegemee taarifa za wapi?

Mama wa Nakuru
Wazazi wenzangu na walimu, hamjambo. Binti yangu yuko Gredi ya 9 hapa Kenya, na karibuni atachagua mkondo mmoja wa Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) kati ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo, kisha aorodheshe shule 12. Nimesoma tovuti ya Wizara ya Elimu, magazeti, blogu za walimu na jumbe za kikundi chetu cha WhatsApp, nikakuta vinapingana hata kuhusu Hisabati: hapa ni somo la hiari, pale ni la lazima. Nishike kipi?

Mwalimu wa Gredi 9
Mama, mkanganyiko huo una chanzo chake. Mpango wa awali uliilazimisha Hisabati kwa wanafunzi wa STEM pekee, lakini wadau walipolalamika, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza Aprili 2025 kwamba kila mwanafunzi wa Sekondari Pevu ataisoma, wa STEM wakipata ile ya kina na wengine ile nyepesi zaidi. Blogu nyingi ziliandikwa kabla ya tangazo hilo na hazijarekebishwa hadi leo. Ndiyo maana mimi hutafuta tarehe kabla ya kusoma aya ya kwanza, na makala isiyo na tarehe siitumii kumshauri mwanafunzi. Kuhusu yanayofundishwa katika kila somo, fungua tovuti ya KICD, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, kwa kuwa ndiyo inayoandaa mtaala wenyewe.

Baba Watatu
Kuhusu alama, soma tovuti ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya. Wapo wazazi wanaodhani KJSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, huamua kila kitu, ilhali uzito wake ni asilimia 60. Asilimia 20 hutokana na KPSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, na 20 nyingine na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Magazeti nayo nayathamini kwa kuwa huwahi kutoa habari, ingawa kauli ya waziri jukwaani si sawa na waraka uliotiwa sahihi.

Mama Kijana
Naomba msikidharau kikundi cha WhatsApp. Mwanangu ni wa kundi la kwanza, lililoingia Gredi ya 10 Januari 2026. Orodha rasmi ilionyesha kuwa shule tuliyoichagua ina mseto wa masomo alioutaka, lakini tulipofika tuliambiwa hakuna mwalimu wa Fizikia. Mzazi yeyote anayeishi karibu na shule ile angeniambia hayo kwa dakika moja, na sikumuuliza yeyote.

Mwalimu wa Gredi 9
Nakubali kabisa, dada. Kanuni zitafutwe kwa wenye mamlaka, lakini hali ya maabara na walimu iulizwe kwa wanaoiona kila siku.

Mama wa Nakuru
Asanteni sana. Wiki hii nitazipigia simu shule tatu za kwanza kwenye orodha yetu, niulize kuhusu mwalimu wa kila somo la mseto wa binti yangu.