Shamba la bondeni Sabaki: nizuie vipi udongo na mbolea visiishie kwenye matumbawe?

Mkulima_Garashi:
Ndugu zangu, shamba ni ekari nne bondeni mwa Sabaki, upande wa Garashi. Masika ni mahindi, kisha nyanya na tikiti za pampu hadi Oktoba, halafu ardhi inabaki wazi. Mto ukifurika unazoa udongo wa juu pamoja na mbolea, na ukingo unamegeka. Tope hilo ndilo linaloishia Malindi. Nianze na fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta), nyasi au miti? Na je, kuna faida yoyote ikiwa tope jingi linatoka Ukambani, juu ya mto?

Udongo_Tele:
Fanya juu ni ya mteremko, bondeni iache. Tuta linalokatiza mkondo wa mafuriko hupasuka, na maji yakipita kwenye ufa huchimba kuliko kama tuta lisingekuwapo.

Anza na ukingo. Kanuni za maji za Kenya zinataka mita 6 hadi 30 zisilimwe kila upande, kulingana na upana wa mto, na kwa Sabaki usijipunjie. Karibu na maji acha mikuyu na vichaka vya asili virudi. Mathenge, ule mti vamizi wenye miiba, usipande kabisa. Upande wa shamba weka mistari miwili ya nyasi za vetiva: vichipukizi 2 au 3 kila shimo, sm 10 hadi 15 kati ya mashimo, majani yakatwe yabaki sm 20. Kwa kuwa umeshaikosa masika, panda sasa na umwagilie kwa pampu hadi ishike.

Mistari hii huharibikia penye pengo. Ukiacha nafasi ya kupitishia bomba la pampu au ng'ombe wa kunywa maji, maji yote ya shamba hukimbilia hapo, na msimu mmoja unatosha kuwa korongo. Bomba lipite juu ya nyasi. Mifugo wachotewe maji wanywee kwenye birika, mbali na ukingo.

Kaskazi_na_Kusi:
Hilo la Ukambani ni kweli, lakini tazama majira. Wakati wa upepo wa kusi mkondo husukuma tope kaskazini, kuelekea Ngomeni. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hivi, tope hushuka kusini hadi kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Kwa hiyo mafuriko ya vuli ndiyo yanayoyaumiza matumbawe zaidi, na ndiyo yanayokuta shamba lako tupu. Isitoshe, udongo wako uko karibu na bahari, hauna pa kutuama njiani.

Usitegemee bwawa la kunasa tope. Mchanga huzama mara moja, lakini chembe ya udongo wa mfinyanzi huchukua kama saa 8 kushuka sm 10, tena maji yakiwa yametulia kabisa. Mfinyanzi huzuiwa shambani au hauzuiwi. Ukifika baharini hukinga mwanga, tumbawe humaliza nguvu likitoa ute wa kujisafisha, na matumbawe machanga hayawezi kushika kwenye mwamba uliofunikwa na tope.

Udongo_Tele:
Basi katikati ya Septemba, tikiti zikiwa bado shambani, panda kunde kati ya mistari. Mvua ikianza zitakuwa zimetandaa. Usilime kwa trekta Oktoba. Mabua ya mahindi yabaki yamesimama. Lima baada ya maji kupwa, kama wanavyofanya kilimo cha mlao kule Rufiji.

Mama_Mbolea:
Mbolea nayo isisahaulike, maana naitrojeni na fosforasi hulisha mwani unaoyasonga matumbawe. DAP, mbolea ya kupandia, ifukiwe sm 5 kando ya mbegu, isitupwe juu. Fosforasi hushikamana na mfinyanzi, ukizuia udongo umeizuia. CAN, mbolea ya kukuzia, ni tofauti: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, huyeyuka na kuondoka na maji hata udongo ukibaki. Mfuko wa kilo 50 kwa ekari ugawe mara mbili, wiki ya 3 na ya 6, mahindi yanapoihitaji. Mvua ikipiga sana Machakos na Makueni, huko Ukambani, mto utapanda kwako siku chache baadaye hata kama Garashi ni jua kali. Ukisikia hivyo, CAN ibaki stoo.

Mkulima_Garashi:
Nimeelewa. Nyanya za mita 15 za mwisho kuelekea mto naziondoa, vetiva inaingia.