MREJESHO: Gauni la harusi kwa asiyependa shanga na mkia mrefu

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwaeleza kuwa kila duka la kukodisha lilinivalisha gauni pana lililojaa shanga, wakati mimi napenda nguo iliyonyooka, isiyo na makuu. Harusi imepita Jumamosi, hapa Dar.

Nilifuata ushauri wa dada mmoja wa humu aliyesema nishone langu, tena nianze na gauni la majaribio la marekani, kile kitambaa cha pamba cha kawaida. Mungu akubariki, dada! Tulipolijaribu tukaona shingo imeshuka mno na kiuno kimekaa juu. Fundi akarekebisha kwa chaki na pini kabla hajagusa krepu, kitambaa cha gauni lenyewe nilichonunua Kariakoo. Krepu ilinikaa vizuri mwilini, na jasho halikuonekana kama kwenye satini niliyoing'ang'ania mwanzoni.

Si yote yaliyokwenda sawa. Mikono ya lesi ilinibana kwapani, kuinua mikono kucheza ikawa shida. Halafu nilipimwa nikiwa na ndala. Nilipovaa viatu vyenyewe, vifundo vikabaki nje. Shangazi alifumua pindo usiku wa kuamkia harusi akalishusha kwa mkono, na alama ya mshono wa kwanza bado inaonekana ukisogea karibu. Nendeni kwa fundi na viatu vya siku hiyo, jamani, na muinue mikono mbele ya kioo.

Mama, aliyetaka shanga, alinitazama kimya, kisha akasema, "Hili ni lako, mwanangu."

Ahsanteni sana nyote.