Moko (mtihani wa kujipima) ya kusoma na hesabu kwa kompyuta, shule yetu ianzie wapi?

MwalimuEmuhaya

Habarini wadau. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu kwa shule moja ya msingi huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, si mbali na mji wa Luanda. Shule sita za hapa karibu tumekubaliana kwamba muhula wa pili moko ya kusoma na ya hesabu, Gredi ya 4 hadi 6, ifanywe kwa kompyuta tuachane na karatasi. Mimi mwenyewe niliunga mkono kwa mkutano, kwa sababu kuchapisha ni pesa ya wazazi na kusahihisha kunamaliza walimu wiki mbili, alama zikitoka mtoto ameshasahau hata swali lilikuwa gani. Lakini mwezi uliopita tulijaribu na Gredi ya 5 na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Wacha niwaambie venye ilienda. Tuko na zile tableti za mradi wa serikali wa 2016, watoto ni 42 kwa darasa, tukaingiza nusu kwanza nusu ingoje nje. Dakika kumi ya kwanza ilipotea kwa pasiwadi tu. Halafu kuna msichana mmoja ambaye hesabu anaijua, si kidogo, anaijua vizuri kabisa, swali lilikuwa la duka, ukinunua hivi na hivi jumla ni pesa ngapi, akaandika "sh 3,500" na mashine ikampa sifuri. Ilikuwa inataka 3500 hivyo tu, bila koma bila sh. Akaniuliza, mwalimu nimekosea wapi, na mimi sikuwa na jibu la kumpa hapo mbele ya wenzake. Mwingine kwa kusoma hakujua kifungu kinaendelea chini, hakuna mtu alikuwa amemwonyesha kuvuta skrini, akajibu maswali yote kwa aya mbili za kwanza.

Sasa naogopa tutapeleka alama kwa wazazi zinasema mtoto hajui kusoma na kumbe ni kidole hakijui skrini. Tableti zinazowaka ni 24, watoto jumla ni 126, stima ya hapa mnaijua. Aliyewahi kufanya hii kitu anisaidie, tuanzie wapi?

fundi_kondele

Japuonj, yaani mwalimu, pole sana. Mimi natengeneza mashine hapa Kondele, Kisumu, na nimefungia shule kadhaa mitambo upande wa Ahero na Muhoroni kwa hivyo nitaongea ya mashine, ya kufundisha nawaachia wenyewe.

Kwanza "zinazowaka" si hesabu. Hizo tableti zimekaa stoo miaka na betri ikikaa bila chaji muda mrefu inakufa kimya kimya, itawaka, itaonyesha asilimia mia, ikifika dakika ya ishirini inazima na mtoto anaanza upya. Chukua zote 24, chaji usiku kucha, asubuhi chomoa, fungua kitu ya kuzifanya zikae macho, saa moja na nusu. Yenye imebaki imewaka andika namba kwa plasta uigundishe nyuma. Hizo ndizo ziko. Zingine usizihesabu hata kama zinakuuma.

Ya pili, tarehe. Tableti iliyozima miezi ikiwaka inaweza kukuambia ni mwaka 2016, na programu nyingi zinazotumia mtandao zikiona tarehe imepotea zinakataa kufungua kabisa, wewe unadhani ni mtandao kumbe ni saa. Weka tarehe sawa kwa zote siku moja kabla.

Ya tatu, na hii ndiyo kubwa: usiweke mtihani kwa intaneti kama unaweza kuuweka shuleni. Lile boksi la serikali lilikuja na laptopu mbili za mwalimu, projekta, na sava ndogo yenye waifai yake. Iko wapi? Kwa shule nyingi naikuta juu ya kabati na vumbi, na hiyo ndiyo ilitengenezewa kazi ya kupeleka masomo kwa tableti bila bando. Ama laptopu moja iwe sava. Mtihani unakaa hapo, watoto wanaunganishwa nayo, majibu yanabaki hapo, jioni mnapeleka faili moja kwa flashi. Hata mtandao wa nje ukipotea mtihani unaendelea. Zima apudeti pia, nimeona tableti ishirini zikikumbuka kujiapudeti wakati mmoja na ruta ikalala.

Stima: hiyo sava na ruta ziwe kwa UPS (betri ya akiba stima ikipotea) ama betri ya sola, tableti ziko na betri zake. Na huko kwenu Vihiga na Kakamega mvua ya radi inakuja mchana ikishapata jua, fanyeni asubuhi, ikifika saa saba chomoeni kila kitu ukutani. Radi haibishi hodi.

Mwisho, ingia kwa kibodi ya tableti uzime ile ya kurekebisha maneno. Mtoto anaandika "kama", mashine inamwekea neno la Kizungu, mwalimu anasoma anashangaa. Na ukiiacha kwa Kiingereza inamsahihishia tahajia, sasa hapo unapima nani, mtoto ama tableti?

DadaTacoma

Mwalimu nimesoma hii nikakumbuka 2015. Niko huku jimbo la Washington, ni msaidizi wa mwalimu, mzaliwa wa Bungoma. Mwaka huo ndio huku tulianza mtihani mpya wa kompyuta wa Kiingereza na hesabu unaitwa Smarter Balanced, darasa la 3 hadi la 8 na sekondari, na majimbo mengine yakachukua wa wenzao unaitwa PARCC. Serikali ya Marekani ilitoa pesa ya kuitengeneza tangu 2010, mamilioni ya dola, na 2014 kulikuwa na majaribio ambayo alama hazikuhesabiwa kabisa. Na bado ulipofika mtihani wenyewe nilikuwa nahesabu mikono juu, msaidizi imekwama, msaidizi sioni, msaidizi nimebonyeza nini.

Vitu vichache ambavyo hapa vilifikiriwa mapema na nyinyi mnaweza kuchukua bure. Skrini ndogo zilikatazwa, tableti iwe ya inchi kama kumi na iwe na kibodi ya kubonyeza kwa vidole, si ile ya kwenye kioo. Si kujidai. Kibodi ya kioo ikifunguka inafunika nusu ya skrini, mtoto anaulizwa aeleze kifungu na kifungu chenyewe hakionekani tena, inabidi afunge kibodi asome, afungue aandike, afunge tena, mtoto wa miaka kumi anachoka anaandika sentensi moja. Kama hamna kibodi basi chapisheni kifungu cha kusoma kwa karatasi awe nacho kando na maswali pekee ndiyo yawe kwa tableti. Hakuna aibu kwa hiyo.

Kwa hesabu karatasi ya kukokotoa ni lazima. Mtoto hafanyi mgawanyo mrefu kichwani eti kwa sababu kuna mashine. Kuna watoto wakipewa kompyuta wanadhani kalamu imekatazwa, waambieni kwa mdomo, "andika hapa kwanza, halafu weka jibu kule". Na lile jibu la 3,500 halikuwa kosa la mtoto, ni la aliyetunga swali. Swali liseme wazi andika namba tu, ama sehemu ya jibu ikatae herufi, ama mwalimu apitie majibu yote yaliyopewa sifuri kabla alama hazijatoka. Rudisheni alama ya huyo msichana na mumwambie. Tafadhali.

Halafu ile Smarter Balanced maswali yanabadilika kulingana na mtoto, akipata linakuja gumu kidogo, akikosa linakuja rahisi, maswali yanatoka kwa ghala kubwa kwa hivyo jirani hana karatasi sawa na yako. Nyinyi hamna ghala hilo. Watoto 126 wakiingia kwa zamu, wa zamu ya kwanza watawaambia wa zamu ya pili chooni. Tungeni angalau seti mbili tatu tofauti.

Na kuhusu hofu yako, si ya bure. Kule Massachusetts 2015 na 2016 shule zingine zilifanya PARCC kwa karatasi na zingine kwa kompyuta, watafiti wakalinganisha, wa kompyuta wakawa chini, hesabu kidogo, kusoma na kuandika zaidi. Mwaka wa pili pengo likapungua sana. Hawakuwa wajinga mwaka wa kwanza, walikuwa wageni.

MamaNaks

Mimi ni mzazi tu, niko Nakuru, samahani nikiingilia ya walimu. Wangu yuko Gredi ya 6 na shule yao ilifanya kitu kama hii, alirudi nyumbani akasema "mama mimi siwezi kompyuta" na hakutaka hata kuguswa. Simu yangu ni ya kubonyeza. Jirani yangu mtoto wake anacheza na laptopu ya babake kila siku. Hawa wawili wako darasa moja, na kwa daftari wangu anamshinda.

Ombi langu kwa mwalimu ni mtuite wazazi kabla, si baada. Mtuonyeshe hicho kifaa, mtuambie hiyo alama ya kwanza ni ya nini na si ya nini. KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, tangu ianze 2022 ni karatasi na penseli, kwa hivyo msiwatishe kwamba asipojua tableti basi amekwisha. Na wale ambao nyumbani hakuna chochote wapewe muda wao shuleni wa kushika, hata dakika kumi na tano wakati wa mapumziko, mkimwacha afundishwe na mwenzake mwenye nayo huyo mwenzake ndiye atabonyeza na wangu ataangalia tu. Naongea kwa uchungu, mnisamehe.

MwalimuEmuhaya

Mama hakuna cha kusamehe, hiyo ya kubonyeza na kuangalia ndiyo nilienda kuona Alhamisi kwa darasa na ni kweli, kila benchi kuna mmoja ana kidole na watatu wana macho. Tumebadilisha, sasa tableti inashikwa na yule ambaye hajawahi na wenzake wanaruhusiwa kuongea tu, mikono mgongoni. Makelele ni mengi lakini wanashika haraka kuliko nilivyodhani.

Fundi, nimefanya ile ya saa moja na nusu. Kati ya 24 zimebaki 17. Iliniuma kweli. Nikakaa na daftari: nikiweka tatu kando za dharura nabaki na 14, watoto 126 ni zamu tisa kwa kila mtihani, kumi na nane kwa yote mawili, na kwa asubuhi siwezi kufanya zaidi ya zamu nne. Hiyo ni asubuhi tano karibu, wiki nzima shule imesimama. Kwa hivyo nimemwambia mwalimu mkuu muhula huu tufanye Gredi ya 6 peke yao, wako 42, zamu tatu Jumanne za kusoma na tatu Jumatano za hesabu, saa sita tumemaliza kabla mawingu hayajakusanyika. Seti tatu za maswali, kila zamu yake. Gredi ya 4 na 5 watafanya karatasi kama kawaida na mazoezi ya tableti kila wiki. Alama za kompyuta haziendi kwa ripoti ya mtoto, zinabaki kwa walimu tuone maswali gani yalimkosesha mtu bila haki. Wazazi tunawaita Ijumaa ya wiki ya kwanza. Shule zile zingine tano bado sijazishawishi.

Dada wa Tacoma, yule msichana tumempa alama yake. Nilimwita ofisini nikamwonyesha, "hukukosea, sisi ndio hatukukuambia". Akacheka, akauliza kama anaweza kuwaonyesha wa Gredi ya 4.

Kimebaki kitu kimoja. Ile sava nimeipata, ilikuwa kwa stoo chini ya magodoro ya watoto wa bweni. Taa ya kijani inawaka lakini laptopu haiioni. Nifanye nini?

fundi_kondele

Usiibonyeze lile tundu la nyuma, ukiiriseti bila kujua vilivyomo unaweza kufuta masomo yote yaliyo ndani. Chukua kebo ya mtandao, unganisha na laptopu moja kwa moja bila waifai, uangalie kama itaonekana. Ikikataa iache hivyo. Jumamosi niko Luanda kwa kazi nyingine, nitapitia hapo shuleni saa nne, uwe na funguo za stoo na zile tableti saba zilizozima, pengine mbili tatu ni mdomo wa chaji tu umelegea.