Picha ya mandhari iliyochorewa juu: tuiweke kwa michoro au kwa fotografia?

Mchoraji wa Kuze: Jamani, tuamue. Mtu anapiga picha ya Mji wa Kale wa Mombasa akiwa baharini, anaichapa, kisha anaongeza kwa wino majahazi yasiyokuwapo na kuta zilizobomolewa. Kwenye maonyesho iingie wapi? Mimi nasema fotografia. Mapaa, mnara, ukingo wa maji, yote kamera imeshayamaliza. Aliyeanza na karatasi tupu atashindanishwaje naye? Tena wino wenyewe unabanduka upesi.

Kibokoni: Unabanduka kwa mchoraji asiyejua karatasi. Ile ya kung'aa ina ngozi ya plastiki. Wino wa kuchovya hauna pa kunywewa, unakaa juu kama ukoko, ukikauka unapasuka. Tumia karatasi ya pamba isiyong'aa, gramu 300 kwa mita ya mraba. Chapa kwa wino wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi, iache wazi saa 24, ndipo uchore kwa ncha ya milimita 0.3.

Mchoraji wa Kuze: "Asiyejua karatasi" ni nani, bwana? Kuchora sikufundishwa na printa. Na hiyo ya pamba isiyong'aa, ukifuta penseli mara moja tu, ngozi ya juu inatoka na raba. Linabaki doa jeupe katikati ya bahari.

Binti Makadara: Hapo kaka wa Kuze kasema kweli. Penseli isiguse chapa kabisa. Rasimu ifanyiwe kwenye karatasi ya kupitishia mwanga iliyolazwa juu, na wino ujaribiwe kwanza kwenye ukingo utakaokatwa. Chini ya kiganja weka karatasi safi, maana jasho la hapa kwetu linaacha alama. Na masika saa 24 ni chache, Kibokoni. Ngoja siku tatu.

Kibokoni: Siku tatu kwa wino wa pigimenti? Dada, unachelewesha watu bure.

Binti Makadara: Bora kuchelewa kuliko kufunga unyevu ndani ya fremu.

Wa Tudor: Turudi kwenye swali. Yokohama, Japani, miaka ya 1860, mpiga picha Felice Beato aliajiri wachoraji wa Kijapani wapake picha zake rangi ya maji, na mpaka leo zinaitwa fotografia.

Mchoraji wa Kuze: Ndilo nililosema!

Wa Tudor: Hapana, ndugu yangu. Wale walifuata picha. Huyu wa sasa anaipinga. Tazama mstari wa paa unapofika mwisho wa chapa: wino unaupokea, unatoka nao hadi kwenye ukingo mweupe, na huko unajenga ghorofa ambayo kamera haikuiona. Ukiondoa mstari ule, kazi haipo. Huo ni mchoro.

Kibokoni: Na fremu je? Watu wanabana kioo juu ya chapa, unyevu unaingia, chapa inagandia kioo. Ukiivuta, wino unabaki kwenye kioo.

Binti Makadara: Pitisha kadi nene pembeni, chapa ipate nafasi ya milimita 3 chini ya kioo. Na usiitundike ukuta wa chokaa unaovuja.

Mchoraji wa Kuze: Kadi ya kawaida si itageuka manjano?

Binti Makadara: Itageuka. Tafuta isiyo na asidi.